Sifuri Tatu

Ujanani nilifanya kazi ya kibarua katika msitu mmoja wa Usambara Mashariki. Kila wiki nilizungukia mitego sita ya wadudu. Mtego wenyewe ni kama hema la chandarua: mdudu anayeruka hugonga wavu, hupanda kuelekea kwenye mwanga, kisha hutumbukia kwenye chupa ya spiriti. Nilibadilisha chupa, nikahesabu nyigu, nikajaza fomu.

Masika ilipoanza, njia ya kwenda mtego wa nne, ng'ambo ya korongo, ikawa utelezi mtupu. Wiki tatu sikwenda. Nilipokwenda hatimaye niliukuta umelaliwa na tawi, chupa imepinduka. Kwenye fomu, wiki zile tatu, niliandika 0, 0, 0. Hakuna aliyeuliza. Nikalipwa.

Sikulifikiria tena jambo hilo mpaka nilipokuja kusoma habari za nyigu aitwaye Epirhyssa overlaeti. Jike lake lina sindano ndefu ya kutagia. Hutoboa nayo mti mpaka amfikie buu anayeutafuna kwa ndani, akataga yai hapo. Mtoto wake humla buu huyo mpaka amuue. Katika kundi lake, huyu ndiye mkubwa kuliko wote wanaojulikana Afrika. Hata hivyo, kwa miaka mingi sayansi ilimjua kwa majike wawili tu: mmoja wa Kongo miaka ya 1930, mwingine wa Kameruni miaka ya 1980. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Turku, Finland, wakaweka mitego ya chandarua katika msitu wa Kibale, Uganda, mwaka 2014 na 2015. Wakampata kwa wingi, majike kwa madume.

Basi kilichokuwa adimu ni nyigu, au ni mtu wa kumtazama? Nukta kwenye ramani ya wadudu hawa haituambii nyigu anaishi wapi. Inatuambia mahali ambapo mtu aliwahi kusimama na chupa. Sehemu nyingine zote ni nyeupe, na weupe huo tunausoma haraka mno kuwa "hakuna".

Mtu atasema, nyigu si kitu cha kukosesha usingizi. Lakini miaka ya 1970 wadudu weupe wa unga kutoka Amerika ya Kusini walivamia mihogo Afrika, na mashamba yakakauka. Watafiti walikwenda kuwatafuta maadui wao huko asili yao. Kwanza wakakuta mdudu aliyefanana naye sana, kumbe ni spishi nyingine, na maadui wake hawakufaa kitu huku. Mwaka 1981 ndipo mdudu mwenyewe alipoonekana Paraguay, pamoja na nyigu mdogo, Anagyrus lopezi, ambaye mwaka huohuo aliachiwa Nigeria. Nyigu huyo aliokoa chakula cha mamilioni. Jina sahihi na mahali sahihi vilikuwa na thamani ya sahani ya ugali.

Nimejitetea mara nyingi. Nyigu hakudhurika kwa sifuri zangu. Pengine alinusurika, kwa kuwa mtego ule ulikuwa umelala. Na kweli sikuona nyigu hata mmoja. Lakini hapo ndipo penye hila. "Sikuona" ni habari zangu mimi. "Hakuna" ni habari za msitu, na msitu sikuuuliza. Nilichukua uvivu wangu nikauvisha joho la ushahidi.

Uongo wa kawaida una mwenyewe: ukigunduliwa, anayeulizwa anajulikana. Sifuri haina mwenyewe. Hujumlishwa na nyingine, ikawa wastani, ikawa mstari katika ripoti. Siku moja mtu anayetaka kukata miti atauliza humo mna nini cha kulindwa, na sifuri zangu zitamjibu kabla yangu. Yule niliyemkosea si nyigu peke yake. Ni msomaji nisiyemjua, aliyeamini kwamba mwenye kalamu alivuka korongo.

Fomu ile ilikuwa na nafasi ya kutosha kuandika: "Sikwenda." Herufi nane. Zingenigharimu aibu kidogo, na labda ujira wa siku tatu. Nafasi ile ningeiacha nyeupe, lakini yenye sababu, na mwingine angejua pa kuanzia kutafuta.