Bundi, Mzimu na Amana ya Msitu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, kisiwa cha Pemba, ambacho sisi watu wa Mombasa tuna damu na ndoa nacho, Mwenyezi Mungu amekipa ndege wanne ambao hawapatikani katika nchi nyingine yoyote: bundi mdogo, ninga, chozi, na kindege cha manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho. Mkondo wa bahari yenye kina kirefu umewatenga na jamaa zao wa bara. Basi akitoweka mmoja wao Pemba, ametoweka duniani.

Msitu mwingi wa kisiwa kile ulikatwa zamani ipandwe mikarafuu, khasa baada ya dhoruba ya mwaka 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja. Leo kipande kikubwa kilichosalia ni msitu wa Ngezi, upande wa kaskazini.

Sasa tazama tumtendavyo bundi. Akilia juu ya paa, mwenye nyumba husema, "Pana mtu atakufa," akatoka na mawe. Hii ni itikadi ya Jahilia. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kwa Abu Hureira, kuwa Mtume (s.a.w.) alikanusha kisirani, na akakanusha "hama", na baadhi ya wanavyuoni wameeleza kuwa hama ni huyo bundi, ambaye Waarabu wakimwona juu ya nyumba walidhani ameleta habari ya kifo. Bundi hajui ajali ya mtu. Yeye atafuta wadudu wake wa kula.

Upande wa pili kuna mzimu. Katika pwani yetu miti mingi mikubwa ilisalimika kwa kuwa watu waliogopa kuikata, wakidai ina wenyewe. Sisi wanavyuoni tukakemea, na ilikuwa wajibu wetu, kwani kuuogopa mti ni mlango wa shirki. Lakini yafaa tujihesabu. Tuliwaambia watu, "Msiogope mzimu," tukanyamaza hapo. Yule aliyeacha kuuogopa mti hakufundishwa kumcha Mwenye mti, basi akachukua shoka. Tuliondoa khofu ya batili, wala hatukutia khofu ya haki mahali pake. Kosa hilo si la mkataji peke yake. Nasi tuna fungu letu.

Khofu ya haki ni ipi? Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratul An'am kuwa wanyama na ndege ni umma kama sisi. Na Abu Daud amepokea, kwa Ibn Mas'ud, kwamba sahaba waliokuwa safarini walichukua makinda mawili, mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamrisha arudishiwe. Ikiwa hivyo ndivyo kwa makinda mawili, itakuwaje kwa mwenye kuangusha msitu na viota vyote vilivyomo?

Asiseme mtu kwamba ndege hawawezi kwisha. Kisiwa cha Morisi kilikuwa na ndege mkubwa asiyeruka, aitwaye dodo. Wadachi walihamia huko mwaka 1638, na kabla ya karne ile kwisha hakubaki hata mmoja. Na katika kisiwa hicho hicho, mwaka 1974 kozi wa huko walijulikana wanne tu porini. Wakalelewa na kulindwa, wakafika mamia. Kupotea ni kwa mikono ya watu, na kuokoka kadhalika, kwa idhini ya Mola.

Wala tusiwanyoshee kidole ndugu zetu wa Pemba. Karibu na Malindi tuna msitu wa Arabuko-Sokoke, nao una bundi wake mdogo. Makaa tupikiayo na mbao za milango yetu zatoka wapi? Anunuaye kilichoibiwa msituni ni mshirika wa mwizi. Basi muuzaji na aulizwe, watoto na wakatazwe kumpiga bundi mawe, na mwenye kiwanja na apande mti, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa akilacho ndege katika mti wa Mwislamu huandikwa sadaka kwa aliyeupanda.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wachunga amana. Amin.