Unasubiri Nguzo Mpaka Lini?

Jua limechomoza tena leo. Limepanda, limechoma bati lako kutwa nzima, limezama. Wewe umelifanyia nini?

Umeanika nguo.

Basi?

Usiniambie nguzo za umeme hazijafika kijijini kwenu. Najua hazijafika. Ninachouliza ni hiki: zisipofika mwaka huu, mwakani utakuwa wapi? Palepale? Bado unapeleka simu ikachajiwe dukani kwa watu, unalipa, jioni unaifuata? Yule mwenye duka ana nini usichonacho? Ana paneli juu ya bati. Jua lake ndilo jua lako!

Hebu tupige hesabu, maana wengi wanaiogopa sola bila kuipigia hesabu. Paneli ya wati 100 ikipigwa na jua kali kwa muda wa saa 5 inazalisha wati-saa 500, yaani nusu uniti. Toa kinachopotea kwa joto, vumbi, nyaya na betri. Tuseme zimebaki 350. Taa nne za wati 5, zikiwaka saa 5 za usiku, zinakula 100. Unabaki na 250. Simu moja inameza kama 15. Gawanya mwenyewe.

Umeshaona? Hiyo ni biashara, nawe umeilalia.

Na hapo sijagusa mashine ya kunyolea, pampu ya bustani, wala friji ya samaki.

"Lakini mimi sikusoma."

Hapo ndipo tutagombana. Kinyasini, kaskazini mwa Unguja, kuna chuo cha Barefoot, mtoto wa asasi iliyoanzia Tilonia, India, mwaka 1972. Wanaofundishwa pale ufundi wa sola ni kina mama wa vijijini, na wengine darasa wamelionja tu. Wanajifunza kwa rangi na kwa mikono. Mama anainamia meza, anachomelea kwa risasi nyaya nyembamba kama uzi, anaijaribu taa, haiwaki, anaanza upya. Miezi michache baadaye amerudi kwao, ni fundi. Anafunga mitambo, na ikiharibika anaitengeneza mwenyewe.

Wewe una cheti cha kidato cha nne na simu janja mfukoni. Ulikuwa unasemaje vile?

"Sola zinakufa haraka."

Zinakufa, au mnaziua?

Nimeona paneli imefungwa chini ya mwembe. Chini ya mwembe! Seli zimeungwa moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo tawi likizitia kivuli chache tu, umeme wa paneli nzima unaporomoka. Nimeona pia betri ya gari ikiendeshea televisheni mpaka ikakata pumzi, kila usiku. Betri ya aina hiyo ukiikamua kupita nusu mara kwa mara unaichimbia kaburi. Halafu lawama zote anatupiwa muuzaji.

Feki zipo, tena tele. Ndiyo maana nakutaka ujue! Anayejua kushika mita hauziwi paneli ya wati 100 iliyobandikwa lebo ya 200.

Ghali? Kati ya 2010 na 2020 bei ya paneli duniani ilishuka kwa karibu asilimia 90. Mwaka 1954, seli ya silikoni iliyotoka maabara ya Bell kule Marekani iligeuza kuwa umeme kama asilimia 6 tu ya mwanga wa jua. Za sokoni leo zinapita 20. Wenzako wamehangaika miaka 70 kukurahisishia kazi, wewe unashindwa kupanda ngazi? Na kama hela ya mkupuo huna, mwaka 2012 Wakenya walianza kuchukua sola za kampuni ya M-KOPA na kulipa kidogo kidogo kwa simu. Njia ilishafunguliwa.

Amka.

Kesho chukua ngazi, panda juu ya paa. Saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa, angalia kivuli kinaangukia wapi. Ukiwa kusini mwa ikweta, paneli iangalie kaskazini, iinamishwe kidogo ili mvua ioshe vumbi. Ukishuka, mtafute fundi wa sola aliye karibu nawe, umwombe umbebee mkoba wa vifaa wiki nzima bila malipo.

Amekukatalia?

Rudi keshokutwa, tena mapema.