Neno Sarksi: Je, Mwili Ndio Wenye Dhambi?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baada ya kumhimidi Mola na kumswalia Mtume wake, karatasi hii yahusu tamko moja la Kiyunani lenye kuzusha ubishi kila Mwislamu na Mkristo wakutanapo barazani, na hasa katika nchi za Mbulu na Hanang, ambako Waislamu wenye maduka hukaa ujirani na Wakristo wengi.

Kanisa Katoliki liliiweka Mbulu kuwa na mamlaka yake mwaka 1943, ikafanywa jimbo kamili mwaka 1953. Walutheri wa Norway nao wakafungua hospitali Haydom mwaka 1955. Sasa mhubiri husimama akasema, kwa kumfuata Paulo, ya kwamba mwili wapigana na roho, na mwenye kuufuata mwili amekwisha kuangamia. Mtu wa pwani aliyefungua duka huko akisikia hayo huuliza: ikiwa mwili ni adui wa Mungu, ya nini kuujengea hospitali? Swali hili si dhihaka. Lina jawabu, na jawabu limo katika lugha.

Wayunani walikuwa na maneno matatu. Kreasi ni nyama ya kuliwa, ile ya bucha. Soma (wala si kile kitendo cha chuoni) ni mwili mzima, wa aliye hai au wa maiti. Sarksi asili yake ni nyama iliyo juu ya mifupa ya kiumbe. Kisha maana ikapanuka ikawa nasaba, kama Paulo asemapo kuwa Waisraili ni ndugu zake kwa sarksi. Kisha ikawa ubinadamu wenyewe kwa udhaifu wake. Na mwisho, katika nyaraka zake Paulo, ikawa hali ya mtu aliyejitegemea akampa Mola wake mgongo. Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 imetumia "mwili" mahali pengi kwa sarksi na kwa soma pia. Katika waraka kwa Warumi, mlango wa 8, aya ya 13, Kiyunani kina maneno yote mawili, la kwanza sarksi na la pili soma. Msomaji wa Kiswahili huona mwili na mwili. Waingereza nao hawakusalimika. Tafsiri yao moja mashuhuri, iliyotimia mwaka 1978, iliandika "asili ya dhambi". Mwaka 2011 wenyewe wakarejea kwenye neno lao la nyama katika sehemu nyingi.

Na dalili ya kuwa sarksi ya Paulo si nyama hii ya mkono na mguu, ni yale aliyoyahesabu katika waraka kwa Wagalatia kuwa ni amali zake. Ametaja zinaa na ulevi, na hayo viungo vina sehemu yake. Lakini ametaja pia uadui, na hasira, na fitina, na husuda. Husuda ina kiungo gani? Mtu aweza kukonda kwa njaa na husuda yake ikazidi kunenepa.

Mwislamu asistaajabu, kwani jambo hili limo katika vitabu vyake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameeleza katika Ihyaa ya kuwa neno moyo lina maana mbili: pande la nyama lililomo kifuani, ambalo mnyama analo na maiti analo, na latifa ya kiroho, nayo ndiyo yenye kujua na kuhesabiwa. Na nafsi vile vile ameipa maana mbili, na moja ni ile yenye kukusanya ghadhabu na shahawa. Hii ndiyo iliyo karibu na sarksi ya Paulo. Basi anayemcheka Mkristo kwa neno "mwili" na ajiulize atamjibu nini Mkristo atakayemcheka kwa hadithi ya lile pande la nyama ambalo likitengenea, mwili wote hutengenea.

Katika jambo la itikadi, kuijua maana hakumwondolei Mwislamu hoja yake, bali kwaitia nguvu. Yohana asemapo kuwa Neno amekuwa sarksi, hakusudii nyama ya bucha, na mwenye kumjibu hivyo amepiga hewa. Akusudia ubinadamu, ule ambao Waarabu huuita bashari. Na basari ya Kiebrania, nduguye neno hilo, ndiyo nyama. Hapo ndipo penye khitilafu ya kweli, kwani Qurani yatoa hoja ya kuwa Isa na mamaye walikuwa wakila chakula, na mwenye haja ya chakula hawi Mungu.

Ama mwili, yaani soma, dini haikuufanya mshitakiwa. Siku ya hesabu mikono na miguu na ngozi zitatoa ushahidi juu ya mwenyewe. Na shahidi si mkosaji. Mwili ni amana, hata roho ikiisha kutoka. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80, na maiti zikatafutwa katika tope siku baada ya siku. Kazi ile kwa Mwislamu ilikuwa ni dini. Imamu Nawawi amesema katika Minhaji ya kuwa aliyekufa kwa kuangukiwa, ikawa haiwezekani kumtoa na kumwosha, haswaliwi, kwa kuwa kutoharishwa kwa maiti ni sharti ya kuswaliwa kwake. Na wako wanavyuoni wengine walioruhusu aswaliwe. Akipatikana naye hawezi kuoshwa, hutayamamishwa kwa mchanga.