Aibu ya Jembe Tumeirithi kwa Nani?

Mas'ala tutakayoyazungumza leo hakuna mtu aliyetuletea. Tumejiuliza sisi wenyewe, na kilichotufanya tujiulize ni jambo dogo lililotupata mbali na pwani, katika nchi ya Wakisii. Twataraji msomaji atatuvumilia tukianza kwa kisa, maana bila ya kisa hicho mas'ala yenyewe yangeonekana mepesi.

Mwaka uliopita tulialikwa kusomesha siku chache katika mji wa Kisii. Waislamu wako huko tangu zamani: Wanubi, Wasomali, watu wa huku kwetu waliofuata biashara, na Wakisii wenyewe walioingia katika dini. Mmoja katika hawa wa mwisho, kijana ambaye hakukosa darasa hata siku moja, alituomba tukalale kwao usiku mmoja kabla hatujarejea. Kwao ni karibu na Keroka, mji uliokaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira. Mamake si Mwislamu, walakini alitupokea mapokezi ambayo sisi huyapata kwa jamaa zetu tu.

Nchi ile ni ya vilima na ya baridi. Mji wa Kisii wenyewe uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na mvua yake ya mwaka hupita milimita 1,500, hata mtu wa Mombasa akiamka alfajiri hutafuta koti. Kila kilima kimelimwa mpaka kileleni: migomba, chai, mahindi, miwa, mipea. Lakini kilichotuvutia sisi si mashamba hayo, bali ni bustani ndogo iliyo nyuma ya jiko la yule mama, isiyozidi uwanda wa msikiti mdogo. Ndani yake kulikuwa na mnavu, ambao wao huuita rinagu, na mchicha, na kunde, na mboga la mviringo lililoachwa litambae kwenye ua kwa ajili ya majani yake. Majivu ya jiko humwagwa pale, na maganda ya ndizi, na samadi ya ng'ombe wake mmoja. Mbegu hakununua. Nyengine alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, nyengine na jirani, naye huwapa wengine bila ya kuhesabu. Wakisii walikuwa na desturi ya majirani kukusanyika kulimiana kwa zamu, wakiiita risaga, kama sisi tulivyokuwa na ujima. Siku hizi, alivyotueleza, kilichobakia zaidi ni vikundi vya wanawake. Lakini mbegu zingali zikizunguka nyumba kwa nyumba kama zamani.

Baada ya sala ya Alfajiri na kisomo chetu tulimkuta ameinama, apalilia. Tuliona haya kusimama tumtazame, tukakunja kanzu, tukainama pamoja naye, tukaanza kung'oa majani tuliyoyajua tangu utotoni kuwa ni magugu, maana huota jaani kwetu na mbuzi huyapita. Mama akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu," akasema, "hiyo uliyoing'oa ndiyo mboga ya leo." Ulikuwa ni mgagani. Wao huuita chinsaga, hawaupiki kwa haraka, huuchemsha na kuutia maziwa ili uchungu wake upungue, na mwanamke aliyejifungua hupewa kwa kuwa wao huamini kwamba hurejesha damu. Tuliendelea kupalilia, na safari hii tukiuliza kwanza.

Haya si neno. Kila mtu hukosea asilolijua. Jambo lililotuuma ni lililofuata. Tulisikia gari likipanda njia. Walikuwa ni watu wawili wa msikitini mjini waliokuja kutuchukua. Basi tulijikuta tumeinuka upesi, tumelikimbilia dumu la maji, twasugua udongo kwenye kucha na kuiteremsha kanzu, kabla ya watu wale kutuona. Mama alitutazama, asiseme kitu. Lau angalisema neno ingalikuwa rahisi zaidi. Njia nzima ya kurudi mjini tulikuwa tukijiuliza: tumeficha nini? Mtu hukimbia kuficha dhambi au uchafu. Kupalilia mboga si dhambi, na udongo kwa sharia ni tohara, bali sisi huutayamamia pindi maji yakikosekana. Aibu ile, basi, imetoka wapi?

Haikutoka katika dini. Maansari waliompokea Mtume, rehema na amani zimshukie, walikuwa ni watu wa mitende. Nabii Daudi alikuwa mfalme na huku akila kwa kazi ya mkono wake. Tumefunzwa kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, kila akilacho humo mtu au ndege au mnyama huandikiwa yeye kuwa ni sadaka. Na ndege haombi ruhusa, kwa hivyo ni sadaka ambayo mtoaji hata hajui kama ameitoa. Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafii twamfuata katika mengi, ameshika kwamba chumo bora ni la kazi ya mkono, na ikiwa kazi hiyo ni kilimo basi ndiyo bora zaidi, kwa sababu mkulima hutegemea kwa Mungu kuliko mwenye duka, na manufaa yake huwaenea watu na wanyama.

Mwenye kusoma hadithi aweza kutupinga hapa, na ana haki. Atasema: imo katika Sahihi ya Bukhari kwamba Abu Umama al-Bahili aliona chuma cha plau na zana za kulimia, akapokea kutoka kwa Mtume ya kwamba kitu hicho hakiingii nyumba ya watu illa huingia pamoja na unyonge. Je, si hii ndiyo aibu yenyewe?

Twajibu kwamba Bukhari ameiweka hadithi hii ndani ya kitabu cha kilimo, na kitabu hicho amekifungua kwa mlango wa fadhila za kupanda. Na juu ya hadithi hii ameandika mlango wa kuonya juu ya kushughulishwa na zana za kilimo na kupita mpaka uliowekwa. Ama Ibn Hajar alipoisherehesha, ametaja kwamba unyonge huo ni yale wanayotakwa wakulima na watawala juu ya ardhi. Hebu tulifikiri neno hili polepole, maana ndani yake mna ufunguo. Unyonge haukutoka katika udongo wala katika chuma. Umetoka kwa yule aliyesimama juu ya mkulima akimdai.

Na hapa pwani, nani aliyesimama juu ya mkulima?

Hapa kalamu yaona uzito, lakini hatuwezi kuipita. Katika karne ya kumi na tisa mashamba ya Malindi, ya Takaungu, ya Mtwapa, yalilimwa na watumwa. Malindi, iliyokuwa imekufa, ilifufuka katika miaka ya 1860 kwa mtama na ufuta uliopakiwa majahazini, na kila pishi ya mtama ule ilitoka katika mgongo wa mtu aliyetekwa au kununuliwa. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Watumwa wakaondoka mashambani, lakini fikira ikabaki majumbani. Neno letu la mwungwana maana yake ilikuwa ni mtu asiye mtumwa. Na kwa kuwa mtumwa ndiye aliyeshika jembe, ikawa alama ya uungwana ni kutolishika. Bibi yetu, Mungu amrehemu, hakupenda wageni watukute na jembe mkononi. Hakutupa sababu hata siku moja, na hatudhani kwamba yeye mwenyewe alipewa.

Basi tulipokuwa twasugua kucha pale Keroka hatukuwa twaficha udongo. Tulikuwa twaogopa kufananishwa na watu ambao wazee wetu waliwadhulumu. Sisi tumerithi macho ya mwenye kudai, tukayaita adabu, na wengine wetu tumethubutu kuyaita dini.

Hatusemi kwamba pwani nzima iko hivi. Wabajuni wamelima siku zote na wanalima. Pemba mtu huona fahari kwa shamba lake. Na majirani zetu Wamijikenda hawahitaji kufunzwa na sisi jambo hili. Twasema na watu wa mji, na twaanza na nafsi yetu.

Wala hatutaki msomaji adhani Kisii ni pepo. Ardhi imegawanywa baina ya watoto wa kiume, na watoto wa hao, mpaka nyumba nyingi zimebakiwa na kipande kisichofika eka moja, na ndugu hupelekana mahakamani kwa ajili ya mpaka wa hatua mbili. Yule mama aliyepanda bustani ile miaka yote, ardhi si kwa jina lake. Na wao pia wamekuwa na aibu yao. Zamani si nyingi mboga hizi za asili ziliitwa chakula cha maskini, na mwenye uwezo alijionyesha kwa kabeji. Wataalamu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta walifanya utafiti wa miaka mingi kuonyesha kwamba zina nguvu mwilini kuliko zilizozidharau. Mwaka 2010 alipewa tuzo ya sayansi ya Umoja wa Afrika. Leo mgagani wauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Mmea ni ule ule, jina tu ndilo limepandishwa daraja, na mwenye akili atajiuliza ni watu wangapi waliowekwa daraja la gugu kwa njia hiyo hiyo.

Mtu wa mji atasema: yote haya ni sawa, lakini sisi hatuna ardhi. Tangu sheria ya hati ya mwaka 1908 wengi wa pwani wamelala juu ya ardhi yenye jina la mtu mwengine. Hili ni kweli na ni malalamiko ya haki, na hatutaki jungu la mchicha liwe dawa ya kunyamazisha mwenye haki yake. Dai liendelee kudaiwa. Lakini ua wa nyumba, dari, gunia kuukuu, karai lililotoboka, havihitaji hati. Mwengine atasema: nina pesa, Kongowea kuna mboga tele, nilime kwa nini? Huyu hatumlazimishi. Twamuomba tu aangalie, akishuka mchuuzi kwenye lori na mikono yake meusi, yeye humpa salamu gani.

Ama sisi tumepanda. Mama alitufungia mbegu za mgagani katika kitambaa, nyeusi na ndogo kama baruti. Tukazimwaga uani, zisiote hata moja. Tukadhani joto letu limeziua. Kijana akamuuliza mamake kwa simu, naye akacheka tena, akasema kwamba mbegu mpya hulala. Ziwekwe pakavu kiasi cha miezi mitatu ndipo zipandwe. Tulikuwa tumebakisha nusu. Tulipozipanda kwa wakati wake ziliota zote, na hapo tukajifunza kwamba mmea huu wapenda joto kuliko baridi. Kule Nyamira hubembelezwa; huku kwetu hustawi, nasi tumeukanyaga miaka yote. Mwenye kutaka kujaribu achanganye mbegu na mchanga zisirundikane, afunike udongo kwa makumbi ya nazi ili unyevu usiruke, amwagie maji jioni jua likishapoa, na akate maua kila yatokeapo ili majani yaendelee. Maji ya kisima chetu yana chumvi, basi twatumia maji ya kutawadhia. Tumeweka karai chini ya bomba. Katika madhehebu yetu maji yaliyokwisha tumika katika udhu ni tohara ingawa hayatoharishi tena, na mboga haina haja ya kutoharishwa.

Lakini maradhi hayaponi kwa siku moja. Mara ya kwanza jirani alipochungulia uani akaona majani yamesimama, aliuliza: "Shekhe, umemwajiri nani?" Tukamjibu, "Yuko mtu." Maneno yalikuwa ya kweli, na katika elimu huitwa tauria. Alipokwenda zake tulikaa barazani na ile tauria yetu, tukaona ni dumu la maji la Keroka kwa mara ya pili.

Juma lililofuata tulimwita, tukamwonyesha ni mkono gani. Alitutazama kidogo, kisha akauliza kama mmea ule huota kwenye ndoo.

Mbegu za mavuno yetu ziko katika chupa juu ya rafu, na miezi yake mitatu imekaribia. Mwenye kuzitaka na aje baada ya sala ya Alasiri. Atatukuta uani, na kanzu imekunjwa.