Huruma na Zamu

Huruma ni sifa ipendwayo na watu wote. Walakini kuipenda huruma ni jambo moja, na kujua namna ya kuigawa ni jambo jingine. Mtu mwenye mgonjwa mmoja mbele yake hana shida kubwa: mikono yake, macho yake na wakati wake wote ni haki ya mgonjwa yule. Shida huanza wagonjwa wawapo ishirini na wauguzi watatu. Hapo huzuka swali ambalo moyo peke yake hauwezi kulijibu: nani atangulie kuhudumiwa, na nani angoje? Swali hili huulizwa usiku na mchana katika idara ya dharura ya hospitali, na aghalabu mwenye kulijibu ni muuguzi msimamizi. Je, aweza mtu huyu kumwambia mwenye maumivu angoje, na bado akastahili kuitwa mwenye huruma?

Dukani na posta tumezoea kwamba atanguliaye kufika hutangulia kuhudumiwa. Kanuni hiyo ni ya haki mahali pale, maana kungoja huwagharimu wote sawasawa. Hospitalini sivyo. Mwenye kidole kilichovunjika akingoja saa moja huongezewa maumivu. Mwenye kuvuja damu tumboni akingoja saa ile ile huenda akafa. Kwa sababu hiyo Dominique Jean Larrey, tabibu wa jeshi la Napoleon, alitaka majeruhi wa vita watibiwe kwa uzito wa majeraha yao, pasipo kutazama cheo wala taifa. Wazo hilo limeenea duniani. Katika mpango mmoja uliotungwa Afrika Kusini, muuguzi hupima pumzi, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto na fahamu za mgonjwa, kisha humpa rangi. Mwenye nyekundu hutibiwa papo hapo. Mwenye rangi ya chungwa kabla ya dakika 10 kupita. Mwenye manjano katika muda wa saa 1. Na mwenye kijani katika muda wa saa 4.

Vipimo hivyo vina faida kwa kuwa sikio ni shahidi asiyetosha. Apigaye kelele angali ana pumzi ya kupigia kelele. Mtoto mwenye kichomi kikali huweza kufika mahali akaacha kulia, si kwa kuwa amepata nafuu, bali kwa kuwa hana nguvu tena za kulia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na methali hiyo yafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila hospitali.

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Watu zaidi ya 200 waliuawa, na maelfu wakajeruhiwa. Wengi waliumizwa macho na nyuso kwa vioo, kwa maana walikuwa wamekwenda madirishani kutazama baada ya kusikia mshindo wa kwanza. Majeruhi walimiminika katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na hospitali nyingine za mji. Katika maafa ya namna hii, wawezao kutembea aghalabu hutangulia kufika. Waliofukiwa na kifusi huja nyuma yao. Hospitali ikiwapa waliotangulia vitanda vyote na mikono yote, itawapokea waliofukiwa kwa machozi tu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria hiyo ni njema, nayo imefungua mlango. Lakini ndani ya mlango sheria haipo kushika mkono wa mtu. Tajiri huja na sauti yake, mkubwa huja na jina lake, na ndugu wa mfanyakazi huja na undugu wake. Hapo muuguzi msimamizi ndiye ngome ya yule asiye na sauti, jina wala ndugu.

Yamkini msomaji atasema kwamba huruma yenye mizani ni huruma baridi. Neno hili lastahili jibu. Huruma ikimbiliayo kilio kikubwa huweza kuwa haimpendi aliaye, bali yapenda kupumzishwa na kilio chake. Florence Nightingale asifiwa kwa taa aliyoishika usiku kati ya askari wagonjwa huko Scutari, alikofika mwaka 1854. Lakini huruma yake haikuishia katika taa. Alihesabu waliokufa, akachora michoro iliyoonyesha kwamba maradhi yaliua askari wengi kuliko majeraha, akadai usafi. Hesabu yake ilikuwa mkono mwingine wa moyo wake.

Hata hivyo mizani peke yake haitoshi. Angojeshwaye ana deni analodai. Anadai kuambiwa sababu, kwa maneno anayoyaelewa na kwa uso unaomtazama. Anadai dawa ya kutuliza maumivu ikiwezekana. Zaidi ya yote anadai kurudiwa, maana hali ya mgonjwa haisimami, na aliyepewa kijani asubuhi huweza kuwa mwekundu kabla ya adhuhuri. Kumwambia mtu "ngoja" na kumrudia ni uangalizi. Kumwambia "ngoja" na kumsahau ni ukatili uliovaa sare safi.

Wako na wadai wengine, nao ni wauguzi walio chini ya msimamizi. Katika maafa makubwa, wasaidizi wakiwa wachache, huenda ikabidi kumpita mtu ambaye siku nyingine angepiganiwa kwa kila dawa, kwa kuwa msaada uliopo hautoshi kumwokoa, nao watosha kuwaokoa watatu wengine. Hakuna amri nzito kuliko hiyo. Kiongozi mwema hamwachii muuguzi kijana aichukue peke yake. Husema mbele ya wote, "Nimeamua mimi," na lawama ikija, huikuta imesimama mlangoni pake. Kisha hutafuta mtu wa kumshika mkono yule aliyepitwa, asife kama kitu kilichotupwa. Na kazi ikipungua, humwendea kijana yule, humpa maji na nafasi ya kukaa na kusema, kwani moyo uliokaushwa leo hautakuwa na cha kumpa mgonjwa wa kesho.

Nanyi, wanafunzi, hamtakuwa nyote wauguzi, lakini mtagawa vitu vilivyo vichache: chakula, nafasi, wakati, msaada. Mtakapogawa, msimsikilize mwenye sauti kubwa peke yake. Mtafuteni na aliyenyamaza. Mkimngojesha mtu, mwambieni sababu, kisha mrudieni. Na mkitoa amri ngumu, ibebeni wenyewe. Kuwahurumia watu wengi kwa haki ni kazi ya moyo na akili pamoja, na akosaye kimoja kati ya hivyo viwili hukidhulumu cha pili.