Vazi la Mhusika na Swali la Uongo

Mtu akishona vazi la mhusika wa hadithi, akalivaa hadharani na kuitika jina lisilo lake, anagusa swali ambalo wanafalsafa na wanatheolojia wamelibishania tangu enzi za Wagiriki: je, kujifanya mwingine ni kusema uongo? Siku hizi mahali pazuri pa kulitazama swali hilo ni kwenye matamasha ya mashabiki. Desturi ya kuyahudhuria kwa mavazi ya kuigiza ilianza mapema. Julai 1939, katika kongamano la kwanza la dunia la mashabiki wa hadithi za kubuni za kisayansi, lililofanyika New York, Forrest Ackerman alitokea akiwa amevaa kama mtu wa karne zijazo. Mshonaji alikuwa Myrtle Douglas, ambaye naye alivaa vazi lake mwenyewe siku hiyo. Hata hivyo, wanaosimulia kisa hiki humtaja zaidi Ackerman kuliko mshonaji, kama ilivyo ada. Mwaka 2016 mashabiki wa tamthilia za muziki walipata tamasha lao katika jiji hilohilo, BroadwayCon, ambako ukumbini wahusika wa jukwaani hupishana na watu waliokuja na nguo zao za kawaida.

Mashtaka dhidi ya uigizaji ni ya zamani na ni mazito. Plato, katika kitabu chake Jamhuri, alihofia kwamba anayeiga watu duni mwishowe hufanana nao. Tertullian wa Carthage, mnamo mwaka 200, aliandika kwamba Muumba wa kweli hapendi chochote cha bandia, iwe ni sauti, umri au jinsia ya kujifanyia. Wakristo wengi waliungana naye wakishika Kumbukumbu la Torati 22:5, aya inayokataza mwanamume na mwanamke kubadilishana mavazi. Karne nyingi baadaye Wapuriti wa Uingereza, Waprotestanti wa msimamo mkali, waliirudia hoja hiyo mara nyingi, kwa kuwa majukwaa ya London yaliwatumia wavulana katika nafasi za wanawake. Mwaka 1642 Bunge likafunga kumbi za michezo.

Jibu lenye makali zaidi lilikuwa limekwisha kutolewa zamani, Afrika Kaskazini. Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, alimfikiria Roscius, mwigizaji mashuhuri wa Roma, akaona jambo la ajabu. Roscius hawezi kuwa mwigizaji wa kweli asipokuwa Hecuba wa uongo, yule malkia wa kwenye tamthilia. Uongo wa nafasi yake ndio unaoukamilisha ukweli wa kazi yake. Baadaye, alipoandika kuhusu uongo wenyewe, Augustino alikaza kwamba kinachomfanya mtu mwongo ni nia ya kudanganya, na nia hiyo haipo pale ambapo pande zote mbili zinajua kinachotendeka. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine: kazi ya mwigizaji si dhambi yenyewe, maana binadamu anahitaji mchezo ili akili ipumzike.

Jukwaa la leo limeigeuza hoja hiyo kuwa mtindo wa kubuni mavazi. Katika tamthilia ya muziki ya The Lion King, iliyofunguliwa Broadway mwaka 1997, Julie Taymor aliwavika simba vinyago vinavyokaa juu ya kichwa, si usoni, kwa hiyo mtazamaji anamwona mfalme na mtu anayembeba kwa wakati mmoja. Katika Hamilton ya mwaka 2015, Paul Tazewell aliwavalisha waigizaji, wengi wao weusi na Walatino, makoti ya karne ya 18 kuanzia shingoni kwenda chini, na kuanzia shingoni kwenda juu akawaacha na nyuso na nywele za leo. Hakuna anayefichwa kitu.

Lakini Plato alikuwa na shtaka la pili, na hilo halijibiwi na Augustino. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri anasema kila kitu kina watu watatu: anayekitumia, anayekitengeneza na anayekiiga. Mpanda farasi anajua hatamu inapaswa kuwaje. Fundi wa ngozi anafuata maelezo yake. Mchoraji anaipaka rangi tu, na hajui lolote. Mwigaji, kwa hesabu hiyo, ni mtu wa mwisho kuulizwa.

Shabiki anayejishonea vazi anaivuruga hesabu hiyo kabisa, kwa kuwa yeye ndiye watu wote watatu. Mtu akitaka kushona koti la Hamilton kwa patani ya karne ya 18, anakuta kipande cha mgongo ni chembamba kuliko alivyotarajia na mikono imekatwa kwa kupinda kwenye kiwiko. Anadhani patani ina kasoro. Anaunganisha kwa uzi wa muda, anajaribu, na mabega yanavutwa nyuma yenyewe huku kifua kikitokeza. Hapo ndipo anapoelewa kwa nini mabwana wa zama zile wanasimama wima namna ile kwenye michoro; yule aliyewatazama tu kwenye picha angedhani ni maringo. Kuiga kumempa maarifa ya mtengenezaji na ya mtumiaji, jambo ambalo Plato alisema haliwezekani. Maarifa hayo hata hupimwa: kwenye mashindano ya mavazi ya makongamano ya dunia ya mashabiki, waamuzi wa ufundi hukagua vazi kwa karibu nyuma ya jukwaa, bitana na mishono ya ndani ikiwemo, sehemu ambazo mtazamaji wa ukumbini hatazifikia kamwe.

Raha ya mtazamaji ni fumbo gumu zaidi. Katika kitabu chake Maungamo, Augustino anajiuliza kwa nini alipokuwa kijana Carthage alipenda kulizwa na misiba ya jukwaani ambayo asingetaka impate. Aristotle alikwisha sema kwamba huruma na hofu za jukwaani huisafisha nafsi. Jibu hilo halingemridhisha Augustino, na angekuwa na haki: huruma isiyoweza kumsaidia yeyote inatia shaka. Watu wanaorudi kwa mara ya tano kutazama tamthilia ya muziki ya Les Misérables wakijua nani atakufa na kwa wimbo upi bado hawajampa jibu.

Kipimo cha nia nacho kina mpaka wake. Kwa sare halisi ya polisi kinatosha: huvaliwa ili iaminiwe, na ndiyo maana sheria za nchi nyingi zinawakataza raia kuitumia. Kesi ngumu ni maonyesho ya karne ya 19 nchini Marekani, moja ya mizizi ya tamthilia ya muziki ya huko, ambamo wazungu walijipaka masizi na kuwaigiza weusi. Kila aliyekata tiketi alijua ni wazungu. Kwa kipimo cha Roscius hakuna aliyedanganywa kuhusu mwigizaji. Aliyesingiziwa ni yule aliyeigizwa, ambaye alichorwa mvivu na mjinga mbele ya watu waliotoka wakiamini picha hiyo. Uongo, basi, unaweza kukaa katika sura inayotolewa hata kama haumo katika kujifanya. Ndiyo sababu kwenye matamasha ya leo kujipaka weusi kunalaumiwa vikali, ilhali rangi ya kijani ya Elphaba, mchawi wa tamthilia ya Wicked, hupakwa bila ubishi, kwa kuwa hakuna taifa la watu wa kijani linaloweza kusingiziwa.