Miezi Ambayo Haijafika

Je, mtu aweza kuuza muda ambao bado haujafika? Swali hili sikulipata katika kitabu. Nililetewa mlangoni na mpangaji, mwaka 2012, hapa kwetu Digodigo.

Sina budi kuanza mwaka mmoja nyuma. Mwaka 2011 watu walimiminika kwa maelfu kwenda Samunge, jirani zetu, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha dawa. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi, na wagonjwa walilala ndani yake au chini ya miti. Mzee yule alitoza shilingi 500 kwa kikombe. Sisi wengine, kando ya barabara, tulitoza tulivyotaka: maji, chai, ndizi, hata nafasi ya kulaza mgonjwa barazani. Nami nikaingiwa na tamaa. Nikakopa shilingi 4,000,000 katika chama cha kuweka na kukopa, nikajenga vyumba vinne. Bati la mwisho lilipopigwa msumari, msafara ulikuwa umekwisha.

Nikabaki na vyumba, na marejesho ya shilingi 200,000 kila mwezi kwa miaka miwili. Bahati yangu ni kwamba watumishi wa serikali huku vijijini huwa hawana nyumba za kutosha. Nikapata walimu na mhudumu mmoja wa afya. Kodi ilikuwa shilingi 30,000 kwa chumba, nami, kama wenye nyumba wa mjini, nikadai miezi sita kwa mkupuo, tena kwa simu, na “uweke na ya kutolea”. (Hilo la kutolea nalo nimelifikiria sana. Mwenye kupokea ni mimi, mwenye kutaka noti mkononi ni mimi, lakini ada anabeba mwenye kutuma.)

Mwalimu mmoja kijana, mgeni wa mkoa huu, aliomba alipe mwezi kwa mwezi. Nikakataa. Akasema kwa upole, “Mzee, mshahara wangu ni wa mwezi. Unanidai miezi ambayo hata serikali haijanipa.” Akaenda zake, akarudi baada ya siku tatu na shilingi 180,000 kamili.

Baadaye ndipo nilipojua alikozipata. Alikopa kwa mtu, akaacha kadi yake ya benki kama dhamana. Mikopo ya aina hiyo siku hizi huitwa kausha damu, na jina limeielewa kazi yake.

Usiku ule nilichukua daftari nikapiga hesabu ambayo ningeipiga kabla ya kununua saruji. Vyumba vinne kwa miezi sita ni shilingi 720,000. Marejesho matatu yanameza 600,000. Kinachobaki hakitoshi rejesho la nne, na hadi mwezi wa saba hakuna kodi nyingine itakayoingia. Kumbe kodi ya mbele haikuziba pengo langu la shilingi 80,000 kila mwezi, ilinifanya nisilione tu. Nilidhani nina mkopeshaji mmoja, kumbe walikuwa watano, na wanne kati yao hawakunitoza riba. Huyu mwalimu alikuwa akiilipa riba hiyo kwa niaba yangu, mahali nisipopaona.

Msomaji atasema: mwenye nyumba naye ajilindeje? Ni kweli. Mpangaji wangu mwingine aliwahi kuondoka usiku na deni, pamoja na kitasa cha mlango. Hatari ipo, na lazima mtu aibebe. Lakini je, abebe yule mwenye mabega mapana, au yule asiye na pa kwenda akikataa?

Taifa letu liliwahi kulijibu swali la wenye nyumba kwa mkono mzito. Mwezi Aprili 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na ambaye jengo lake lilikuwa limepita miaka kumi hakupewa fidia, kwa hoja kwamba kodi ilikwisha kumrudishia gharama zake. Sikubaliani na upokonyaji ule. Wengi walipoteza jasho la maisha yao. Hata hivyo hoja yenyewe hainitoki kichwani. Miaka miwili ikipita, deni langu litakwisha na vyumba vitabaki vyangu. Mwalimu atakuwa amenisaidia kuvilipia, naye hatakuwa na tofali hata moja.

Sisi Wabatemi tumekulia kwenye mifereji. Maji hugawiwa kwa zamu chini ya wazee wa maji, wenamiji, na mpangilio huo si wa malaika: ziko koo zinazotangulia, na zamani asiye na zamu aliipata kwa kutoa mbuzi. Lakini alimtoa mbuzi, akafungua maji, shamba likalowa. Sijawahi kusikia mtu aliyelipia maji ya mvua za mwaka ujao.

Nilimwita mwalimu. Nikamrudishia miezi minne, kwani miwili alikwisha kukaa, ili akaichukue kadi yake. Tukaandikiana kwamba atalipa kila tarehe ya mshahara, na mshahara ukichelewa, tutachelewa wote. Mwezi ule niliuza mbuzi watatu. Mke wangu hakufurahi, na sikuwa na la kumjibu, maana wawili walikuwa wake. Wapangaji wengine watatu sikuwarudishia kitu. Fedha zao nilikuwa nimekwisha kuzila.

Mwaka 2014 mwalimu alihamishwa. Aliondoka tarehe 19 na mwezi alikuwa ameulipia wote. Nikampa shilingi 11,000, kodi ya siku kumi na moja zilizobaki. Alizihesabu mbele yangu, noti kwa noti, kisha akatia mfukoni.